Kumtaja Mtu, Mahali au Ujirani: Majina ya Sera za Kuinua Jamii Duni katika Nyakati za Mdororo wa Uchumi nchini Rwanda, Uganda na Kenya

Ikisiri

Uchumi unapodorora, serikali hutakiwa kutenda haraka kwa fedha chache, na hivyo hulazimika kuamua ni nani atakayetangulia kusaidiwa. Uamuzi huo hufanywa kwa hesabu, lakini humfikia mwananchi kwa maneno: jina la mpango, jina la kundi, jina la eneo. Makala haya yanaeleza jinsi majina ya sera za kuinua jamii duni yanavyoundwa nchini Rwanda, Uganda na Kenya, na yanaonyesha kwamba majina hayo hugawanyika katika aina tatu: yale yanayomtaja mtu, yale yanayotaja mahali, na yale yanayotaja ujirani. Kila aina huwaingiza baadhi ya wahitaji na kuwaacha wengine nje. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kina nyenzo za kisarufi za kutenganisha umaskini wa kudumu na hasara iliyoletwa na mdororo, na kwamba nyenzo hizo zinapaswa kutumiwa katika uandishi na tafsiri ya sera.

Istilahi msingi: sera ya umma, mdororo wa uchumi, tasfida, uundaji wa istilahi, ngeli

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2020, serikali za Rwanda, Uganda na Kenya zilipozuia safari na mikusanyiko ili kukabili ugonjwa wa UVIKO-19, watu waliokuwa wakila kwa kibarua cha siku walikosa kibarua siku hiyo hiyo. Mwendesha pikipiki wa Kigali, mchuuzi wa Kampala na fundi wa Mathare walijikuta katika hali moja. Hawakuwa wamehesabiwa kuwa maskini juma lililotangulia, na majina yao hayakuwa katika orodha yoyote ya msaada. Mwaka huo Pato la Taifa la Rwanda lilipungua kwa asilimia 3.4, na la Kenya kwa asilimia 0.3. Tarakimu hizo zinaeleza kilichoupata uchumi kwa jumla. Hazielezi ni nani aliyepata unga na ni nani aliyeukosa.

Swali la nani apate hujibiwa na sera, na sera huandikwa kwa lugha. Neno linalochaguliwa kuwataja walengwa ni kipimo. Sera ikisema "vijana", mwenye umri wa miaka hamsini hayumo. Ikisema "kaya", mpangaji anayelala peke yake katika chumba cha kukodi huanza kujiuliza kama yeye ni kaya. Ikisema "mtaa", anayeishi ng'ambo ya barabara huwa amekosa.

Makala haya ni ya kimaelezo. Data yake ni majina ya mipango na ya makundi ya kijamii yaliyotumiwa hadharani na serikali za nchi tatu, hasa katika vipindi viwili vya mdororo: ule uliofuata msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 na ule wa mwaka 2020. Tanzania inatajwa pale ambapo istilahi zake za Kiswahili zinatoa mwanga. Lengo ni kuonyesha kazi inayofanywa na majina ndani ya mipango hiyo, na wala si kupima mafanikio ya kiuchumi ya mpango wowote.

2.0 Uzito wa Jina katika Nyakati za Mdororo

Majina ya sera huwa na umuhimu wakati wote, lakini uchumi unapodorora uzito wake huongezeka kwa sababu tatu.

Kwanza, fedha hupungua wakati wahitaji wanaongezeka. Kodi hushuka kwa sababu biashara zimeshuka. Serikali ambayo ingeweza kuhudumia wengi kwa ukarimu hulazimika kuchagua, na kuchagua kunahitaji fasili. Fasili iliyokuwa imelala katika waraka huamka na kuanza kufungua na kufunga milango.

Pili, muda wa mashauriano hupungua. Katika nyakati za kawaida, jina la mpango huweza kujadiliwa katika warsha, likatafsiriwa na kurekebishwa. Wakati wa dharura, jina lililo karibu ndilo linalotumika, hata kama liliundwa kwa shughuli nyingine.

Tatu, hali za watu hubadilika kwa kasi kuliko majina yao. Kaya iliyopangwa katika kundi la wanaojimudu miaka mitano iliyopita huendelea kubeba jina hilo katika daftari hata baada ya kipato chake kukatika. Jina huwa limesema kweli siku lilipoandikwa, na kusema uongo siku linaposomwa. Hii ndiyo hatari kubwa zaidi, na mifano ya Rwanda inaieleza vizuri.

3.0 Kumtaja Mtu: Makundi ya Ubudehe nchini Rwanda

Neno "ubudehe" la Kinyarwanda lilikuwa jina la desturi ya wakulima kulima mashamba kwa pamoja kabla ya mvua, wakiwamo wale wasio na nguvu kama wajane na wazee. Mwaka 2001 serikali ya Rwanda ililichukua neno hilo na kulipa kazi mpya. Likawa jina la mpango ambamo wanakijiji walikutana, wakachora ramani ya kijiji chao na kukubaliana hadharani kuhusu hali ya kila kaya. Mpango ulianza kwa majaribio katika jimbo la Butare kabla ya kuenea nchini kote, na mwaka 2008 ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma.

Katika mfumo wa awali, kaya ziligawanywa katika makundi sita yenye majina ya Kinyarwanda: "umutindi nyakujya" (fukara asiye na chochote), "umutindi" (fukara), "umukene" (maskini), "umukene wifashije" (maskini anayejikimu), "umukungu" (mwenye chakula cha kutosha na ziada) na "umukire" (tajiri). Majina yote sita yana kiambishi "umu-", ambacho kinalingana na "m-" ya ngeli ya A-WA katika Kiswahili. Ni ngeli ya watu. Athari ya kisarufi ni kwamba hali ya uchumi inageuzwa kuwa utambulisho wa mtu. Anayeitwa "umutindi" haambiwi kwamba ana upungufu, bali anaambiwa yeye ni nani. Kiswahili nacho hufanya hivyo katika maneno kama "mkata" na "fukara".

Majina haya yalilalamikiwa kwamba yanadhalilisha. Katika mpangilio mpya ulioanza kutumika miaka ya 2015 na 2016, yaliondolewa, na makundi yakawa manne yanayotajwa kwa namba. Badiliko hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Aliyekuwa "umutindi" sasa alisemwa kuwa yumo "mu cyiciro cya mbere", yaani katika kundi la kwanza. Sentensi ilihama kutoka "kuwa fulani" hadi "kuwamo katika fulani". Nomino ya ngeli ya watu ilipisha nomino ya ngeli inayolingana na KI-VI ya Kiswahili. Mtu alitenganishwa na hali yake, angalau katika sarufi.

Huu ni mfano safi wa tasfida ya kisera. Hata hivyo, tasfida huchakaa. Namba iliyobuniwa kusitiri aibu hujifunza aibu hiyo kwa kukaa nayo, na baada ya miaka michache kutaja namba kukawa sawa na kutaja jina. Sababu yake si ya kiisimu peke yake. Kundi la kaya lilihusishwa na huduma muhimu. Wa kundi la kwanza walilipiwa bima ya afya ya jamii na serikali, wa kundi la pili na la tatu walilipa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na wa kundi la nne faranga 7,000. Mikopo ya masomo ya chuo kikuu nayo ilihusishwa na makundi hayo. Kwa hiyo, neno moja lilibeba mizigo miwili inayovutana: aibu iliyomfanya mtu alikimbie, na faida iliyomfanya alitafute. Mzazi aliyeona haya kuitwa maskini mbele ya majirani ndiye huyo huyo aliyeweza kukata rufaa ashushwe kundi ili mwanawe asome.

Mwaka 2020 serikali ilitangaza mpangilio mwingine wa makundi matano, safari hii kwa herufi A hadi E, na nia iliyotajwa ilikuwa kuachanisha kundi na huduma. Baadaye mfumo wa makundi uliachwa, na daftari la kijamii liitwalo "Imibereho" likachukua nafasi yake. Neno hilo lina maana ya hali ya maisha. Ukifuatwa mfululizo huu kuanzia mwanzo, unaonyesha safari ya kutoka nomino ya mtu, kwenda namba, kwenda herufi, hadi nomino ya hali. Kwa takriban miongo miwili sera ilikuwa ikijaribu kurudi nyuma kutoka kwa mtu.

Wakati wa zuio la mwaka 2020, chakula kilichogawiwa Kigali kilipelekwa nyumba kwa nyumba na viongozi wa ngazi za chini, wakiwalenga hasa waliopoteza kipato cha siku. Viongozi hao walijua jambo ambalo kundi lililoandikwa miaka kadhaa nyuma halikuweza kujua, yaani ni nani aliyeamka leo bila kazi.

3.1 Tanbihi ya kitafsiri

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na istilahi "umukene wifashije" huingia mtegoni. Kitenzi "gufasha" ni kusaidia, na "kwifasha" kimeundwa kwa kiambishi cha kujirejea, kama "ji-" ya Kiswahili. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa "maskini anayejisaidia", na kila msemaji wa Kiswahili anajua kwa nini neno hilo haliwezi kuandikwa katika waraka wa serikali. "Anayejikimu" au "anayejimudu" ndiyo tafsiri salama. Mfano huu mdogo unaonyesha kwamba ukaribu wa lugha za Kibantu humsaidia mfasiri na pia humponza. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na kwa hiyo mtego huu si wa nadharia tu.

4.0 Kutaja Mahali: Kenya na Uganda

Njia ya pili ni kutaja eneo. Badala ya kuuliza ni nani maskini, sera huuliza ni wapi penye umaskini. Njia hii ina hoja yake ya kiuchumi. Mdororo hauangushi mtu mmoja mmoja. Mtaa ambao wakazi wake wote wamekosa kibarua ni mtaa ambao muuza mboga, kinyozi na mwenye kioski nao wamekosa wateja. Fedha inayoingia mtaani hapo huzunguka mikononi mwa wengi kabla ya kutoka.

4.1 Kutoka "kwa Vijana" hadi "Mtaani"

Kenya inatoa mlinganisho mzuri, kwa sababu mipango yake miwili ya kazi za umma ina majina ya Kiswahili yanayoanza kwa neno moja. Mwaka 2009, baada ya ghasia za uchaguzi, ukame na msukosuko wa fedha duniani, ulianzishwa mpango wa "Kazi kwa Vijana". Mwaka 2020 ulianzishwa "Kazi Mtaani", ukiwa sehemu ya mpango wa taifa wa usafi. Awamu ya majaribio ilianza katika makazi kama Mathare, Kibra, Mukuru na Korogocho jijini Nairobi na katika kaunti nyingine chache. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ilienea katika kaunti zote 47 na kuwaajiri vijana zaidi ya robo milioni kuzibua mitaro, kufagia barabara na kufyeka vichaka kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Katika kifurushi cha kuchochea uchumi cha shilingi bilioni 53.7 kilichotangazwa Mei 2020, bilioni 10 zilitengewa mpango huu.

Waliofanya kazi katika mipango yote miwili walikuwa vijana. Kilichobadilika ni sarufi ya jina. Katika jina la kwanza, kihusishi "kwa" kinamweka kijana kuwa mpokeaji. Kazi inatoka mahali pasipotajwa na kumwendea. Katika jina la pili, kiambishi "-ni" cha mahali kinaondoa mpokeaji na kuweka eneo. Kazi ipo mtaani, na matunda yake, yaani mtaro uliozibuliwa na njia iliyofagiliwa, ni ya kila anayepita hapo, awe kijana au mzee.

Uteuzi wa neno "mtaa" nao una maana yake. Nyaraka za Kiswahili huyataja makazi haya kwa majina mbalimbali. "Mitaa ya mabanda" hutazama majengo. "Makazi duni" hutazama hadhi. "Makazi holela", linalosikika zaidi Tanzania, hutazama mipango miji na sheria. Kinyarwanda kina "akajagari", ambalo kiini chake ni vurugu na kukosa mpangilio. Hayo yote ni majina yanayotolewa na mtu aliyesimama nje. Mkazi mwenyewe husema "mtaani kwetu". Mpango wa 2020 ulichukua neno la mkazi na kuacha la ofisa, na huenda hiyo ni mojawapo ya sababu za jina hilo kukaa vinywani mwa watu kwa urahisi.

4.2 Muruka, parokia au kata?

Nchini Uganda, Mfumo wa Maendeleo uliozinduliwa na Rais Yoweri Museveni wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022 ulichukua kama kitovu chake ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji na chini ya tarafa ndogo, iitwayo "muluka" kwa Kiganda na "muruka" katika lugha za magharibi mwa nchi. Shabaha iliyotangazwa ni kuziingiza katika uchumi wa fedha asilimia 39 ya kaya, takriban kaya milioni 3.5, zilizokuwa zikizalisha kwa ajili ya kula tu. Kila eneo la ngazi hiyo hutengewa shilingi za Uganda milioni 100 kwa mwaka, nazo hukopeshwa kwa kaya kupitia ushirika wa akiba na mikopo, hadi shilingi milioni moja kwa kaya, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

Jina la Kiingereza la ngazi hii lilitoka katika utawala wa kanisa la Kiingereza, na hapo ndipo tatizo la Kiswahili linapoanzia. Akiandika "parokia", mfasiri atasomwa Arusha au Mombasa kana kwamba fedha zinagawiwa na paroko. Akiandika "kata", msomaji wa Tanzania atafikiria ngazi yenye diwani aliyechaguliwa, ilhali mtendaji wa ngazi hii nchini Uganda ni mtumishi aliyeajiriwa na serikali. Akiandika "muruka", atakuwa amehifadhi maana lakini atahitaji maelezo kwa msomaji wa nje. Makala haya yanapendelea njia ya tatu. Neno la kienyeji lenye maelezo mafupi hupotosha kidogo kuliko neno lililozoeleka lenye maana nyingine. Hoja hii ina uzito zaidi tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha kutekelezwa kwa uamuzi wa Jumuiya wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi.

Majina ya mipango iliyotangulia nchini humo yalifuata njia tofauti. "Entandikwa" la miaka ya 1990 lilitaja mtaji wa kuanzia. "Bonna Bagaggawale" lilisema wote watajirike. "Emyooga" la mwaka 2019 lilitaja kazi na ufundi mbalimbali. La kwanza linataja kitu, la pili linatamka matumaini, la tatu linataja shughuli. Ni mwaka 2022 tu ambapo mahali palikaa katikati ya jina.

4.3 Mipaka ya mahali

Kutaja mahali hupunguza aibu, kwa kuwa hakuna anayenyooshewa kidole peke yake. Lakini mahali nako kuna dhuluma yake. Kwanza, maeneo yanayopewa fedha sawa si sawa. Milioni 100 zikigawanywa kwa mikopo ya milioni moja hutosha kaya 100 kwa mwaka. Katika muruka wenye kaya 500 wanaohitaji, wa mwisho katika foleni atasubiri miaka mitano, na katika muruka wenye kaya 1,000, miaka kumi. Kenya ilikutana na suala hilo hilo katika kifurushi cha kuchochea uchumi cha mwaka 2009, ambacho miradi yake iligawanywa kwa majimbo yote 210 ya uchaguzi ya wakati huo. Mgawanyo wa aina hiyo huridhisha siasa, lakini unapomtendea kila mtu sawa huwa umeacha kumtambua aliye chini zaidi.

Pili, kuna maskini wanaoishi mahali pasipo pa maskini. Mtumishi wa ndani anayelala katika nyumba ya mwajiri wake mtaa wa matajiri, mlinzi wa usiku na mpangaji wa chumba cha uani hawana mtaa wa kuwatetea.

5.0 Kutaja Ujirani: Girinka na Maana ya Kale ya Ubudehe

Njia ya tatu haimtaji mhitaji wala eneo lake, bali uhusiano kati ya watu. Mpango wa Girinka, ulioanzishwa Rwanda mwaka 2006, hutoa ng'ombe mmoja kwa familia maskini. Jina lenyewe ni sentensi: "gira" ni kuwa na kitu, na "inka" ni ng'ombe. Ni salamu ya kale ya kumtakia mtu apate ng'ombe. Salamu haina mpokeaji maalumu, kwani anaamkiwa aliye naye na asiye naye. Zaidi ya hayo, aliyepewa anatakiwa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Kwa hiyo anayepokea leo ni mtoaji wa kesho, na jina la mpango halimfungi katika upande mmoja.

Maana ya kale ya ubudehe ilikuwa na umbo hilo hilo. Shamba la mjane lililimwa na kijiji bila mjane kuandikwa katika kundi. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka msaragambo na ujima. Huu ndio mgongano uliomo ndani ya neno "ubudehe" lenyewe. Jina la desturi isiyowatenga watu lilikuja kuwa, katika matumizi ya kila siku, jina la orodha inayowatenga. Neno halikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilishwa ni kazi yake.

Ujirani nao una udhaifu wake wakati wa mdororo. Desturi ya kusaidiana hutegemea kwamba jirani mmoja amepungukiwa na mwingine anacho. Ukame au zuio linapowapiga wote kwa siku moja, hakuna wa kumlimia mwenzake kwa shibe. Hapo serikali haina budi kuingia na kitu kinachotoka nje ya kijiji.

6.0 Nyenzo za Kiswahili: Vitenzi na Njeo

Mpango wa Tanzania ulioanza mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii uliitwa "Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini". Jina hili lina kitenzi cha dharura na kivumishi cha kudumu. "Kunusuru" ni kuokoa kutoka katika hatari, tendo la mara moja. "Maskini" ni sifa isiyo na mwanzo wala mwisho. Jina hilo halisemi kaya imekuwa maskini tangu lini, wala ni lini itaacha kuwa hivyo.

Kiswahili, hata hivyo, kina vitenzi vingi vinavyoeleza umaskini kama tukio: kufukarika, kuishiwa, kupungukiwa, kuyumba, kufilisika. Vikiunganishwa na njeo, hutoa tofauti ambayo sera za wakati wa mdororo zinaihitaji sana. "Kaya maskini" ni hali. "Kaya iliyoyumba" ni hali yenye tarehe. "Kaya iliyopungukiwa" hudokeza kwamba kulikuwa na kiasi fulani hapo awali. Mwendesha pikipiki wa Kigali na fundi wa Mathare waliotajwa mwanzoni hawakuwa kaya maskini. Walikuwa kaya zilizoyumba, na waraka usio na neno hilo hauna pa kuwaandika.

Kauli za kitenzi nazo zina kazi. "Kuwezesha" na "kuinua" hufanya serikali kuwa mtenda na mwananchi kuwa mtendwa. "Kusaidiana" na "kuinuana" huwafanya wote kuwa watenda. Aidha, "kufufua", ambalo hutumika kutafsiria juhudi za kurudisha uhai wa maeneo yaliyodorora, linadhania kwamba mahali hapo pamekufa. Mkazi wa Korogocho anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta riziki ana haki ya kuuliza ni nani aliyethibitisha kifo hicho.

Nyenzo hizi zisichukuliwe kuwa dawa. Namba za Rwanda zimefunza kwamba neno zuri lililofungwa kwenye mgawo wa aibu litaaibika. Lugha haiwezi kuongeza fedha katika bajeti. Inachoweza ni kuzuia fedha iliyopo isimpite mhitaji kwa sababu tu hakuwa na jina.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba jina linalomtaja mtu huwa na shabaha ya karibu lakini huzaa aibu na kuchakaa haraka. Jina linalotaja mahali husitiri, lakini huwasahau walio nje ya mpaka na husawazisha wasio sawa. Jina linalotaja ujirani hulinda utu kuliko mengine, lakini nguvu yake huisha pale hasara inapowaangukia majirani wote. Hakuna aina moja inayotosha. Sera inayoeleweka itasema wazi inatumia aina gani, na itaeleza jinsi wanaoachwa na aina hiyo watakavyofikiwa.

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama kuandaa faharasa ya istilahi za ustawi wa jamii, ikiwamo migawanyo ya utawala kama umurenge, muruka, kata na lokesheni, pamoja na maelezo ya tofauti zake. Pili, kila istilahi inayotaja walengwa ijaribiwe kwanza mbele ya walengwa wenyewe kwa swali jepesi: je, ungekubali kuitwa hivi mbele ya mtoto wako? Tatu, nyaraka za dharura zitenganishe waliokuwa maskini na walioyumba, na kila jina la muda liandikwe pamoja na tarehe ya kupitiwa upya.

Mdororo mwingine utakuja, kama ule wa 2008 ulivyofuatwa na ule wa 2020. Utakapofika, hapatakuwa na muda wa warsha. Maneno yatakayotumika ni yale yatakayokuwa yamekwisha kuandaliwa, na kazi ya kuyaandaa inawahusu wataalamu wa Kiswahili sawasawa na inavyowahusu wachumi.